Ukuta wa bahari na ufuo unaoliwa: Swali la Kinondo na jinsi ya kulijibu

MASWALI kuhusu mawimbi, fuo na mmomonyoko ni ya kawaida katika somo la Jiografia, na majibu yake hujulikana kabla hata swali halijasomwa: ukuta wa bahari huharibu ufuo, mikoko huulinda. Mtahiniwa aliyekariri hayo hujipatia alama mbili tatu na kuridhika. Lakini swali hilo likipelekwa Kinondo, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, jibu la kukariri huanza kupasuka. Nusu yake ni kweli, ila kwa sababu isiyo ile iliyozoeleka. Nusu ya pili si kweli kabisa mahali pale.

Kinondo panafaa sana kwa zoezi hili. Kuna ufuo wa mchanga mweupe unaoungana na ule wa Galu na Diani upande wa kaskazini, na upande wa kusini kuna Chale na ghuba ya Gazi. Mbele ya ufuo huo upo mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi ambamo wavuvi hutega madema yao. Karibu na bahari ipo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Mijikenda ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Zipo hoteli na nyumba za wageni, zipo bandari ndogo za wavuvi, na vipo vichochoro vipitavyo kati ya ua na ua kuelekea baharini. Wote hao wanautegemea mchanga mmoja.

Swali lenyewe

Swali lifuatalo ni la mfano. Limetungwa kwa ajili ya zoezi na halihusu jengo wala mtu yeyote maalumu.

"Katika sehemu moja ya ufuo wa Kinondo, nyumba kadhaa za wageni zimejengwa mita chache kutoka alama ya maji kujaa. Tangu zijengwe, ufuo ulio mbele yake umepungua upana. Wamiliki wamejenga kuta za saruji ili kuzuia mawimbi. Wakazi wanadai kuwa kuta hizo ndizo zilizokula ufuo. Wamiliki wanadai kuwa ufuo ulikuwa ukiliwa tangu hapo, nao wamejenga ili kujihami.

(a) Taja ushahidi mmoja ambao ungetia nguvu dai la wakazi, na mmoja ambao ungetia nguvu dai la wamiliki. (alama 4)

(b) Eleza njia tatu ambazo ukuta waweza kupunguza upana wa ufuo. (alama 6)

(c) Pendekeza hatua mbili za kuhifadhi ufuo zinazofaa mahali hapo, ukitoa sababu. (alama 4)"

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, vitenzi vya swali visomwe vyema. "Taja" hutaka jambo lisemwe tu. "Eleza" hutaka jambo pamoja na namna linavyotokea. Ndiyo maana kila njia katika sehemu (b) imepewa alama mbili. Na maneno "zinazofaa mahali hapo" katika sehemu (c) hayakuwekwa kama pambo. Hapo ndipo alama nyingi zitakapopotea.

Jogoo na mapambazuko

Sehemu (a) ni ya mantiki kuliko Jiografia. Kifungu kinasema ufuo umepungua "tangu" nyumba zijengwe. Hakisemi umepungua "kwa sababu" zimejengwa. Jogoo huwika, kisha kukapambazuka, wala hakuna asemaye jogoo ndiye aliyeleta asubuhi. Mambo mawili yanapofuatana, huenda la kwanza lilizaa la pili, huenda la pili lilikuwa njiani tayari, na huenda yote mawili yana mzazi mwingine.

Ushahidi wa kuwasaidia wakazi sharti uwe wa kulinganisha. Iwapo kipande jirani cha ufuo chenye mchanga wa aina ileile, kilicho nyuma ya mwamba uleule na chenye kuelekea upande uleule, hakina ukuta wala hakikupungua katika miaka ileile, basi dai lao linapata mguu wa kusimamia. Litapata na wa pili iwapo itaonekana kwamba kila mahali upungufu ulianza baada ya ukuta wa pale kusimama: hapa mwaka huu, kule miaka minne baadaye, kila ukuta na tarehe yake.

Ushahidi wa kuwasaidia wamiliki ni kinyume chake. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, au ramani za upimaji za kabla ya ujenzi, zikionyesha kuwa mstari wa maji kujaa ulikuwa ukisogea bara tangu hapo, zinatosha. Inatosha pia kuonyesha kuwa fuo zisizo na kuta zinarudi nyuma kwa kasi ileile.

Mtahiniwa mwerevu wa Kinondo atavutwa kutumia Kaya kama kipande cha kulinganisha, kwa kuwa haikujengwa nyumba na wazee wa kaya hawaruhusu miti yake kukatwa ovyo. Huo ni mtego. Msitu wa Kaya umeota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe gumu la zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Kusimama imara kwa jiwe hakuthibitishi lolote juu ya mchanga. Mlinganisho wa haki ni wa mchanga kwa mchanga.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao watu wazima huingia humo kila mwaka bila kujua. Pwani ya Kusini ina pepo kuu mbili. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki takriban Aprili hadi Oktoba, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Novemba hadi Machi. Mawimbi hufuata upepo na kuupiga ufuo kwa mshazari. Wimbi hupanda ufuo kwa mshazari na kurudi moja kwa moja kwenye mteremko, na kila mara punje ya mchanga huhamia hatua moja upande. Wakati wa kusi mchanga wa Kinondo husafiri kuelekea Galu na Diani; wakati wa kaskazi hurudi kuelekea Chale. Ufuo mmoja kwa hiyo waweza kuwa mpana mwezi Februari na mwembamba mwezi Agosti, kisha ukapanuka tena, pasipo mtu yeyote kutia hata jiwe.

Basi mtu aletaye picha mbili, moja ya Februari ya zamani na nyingine ya Agosti ya karibuni, akasema "tazameni, ufuo umekwisha", hajathibitisha kitu. Vivyo hivyo aletaye picha ya maji yakiwa yamepwa na nyingine ya bamvua. Katika bandari ya Kilindini, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na kwenye ufuo wenye mteremko mdogo kiasi hicho cha kimo huwa makumi ya mita za mchanga kwa upana. Picha zilinganishwe za mwezi mmoja na za hali moja ya maji, ama zisilinganishwe.

Jibu lililo bora katika sehemu (a) lina sentensi mbili tu, lakini linaonyesha kuwa mwandishi wake anaelewa kwamba madai hayo mawili hayapingani. Yamkini ufuo ulianza kuliwa kabla, na yamkini pia ukuta umeuongezea maradhi. Wamiliki wanaeleza kwa nini walijenga. Wakazi wanaeleza kilichofuata baada ya kujenga.

Ukuta unavyofanya kazi

Sehemu (b) ndiyo yenye alama nyingi, na ndiyo ambamo vitabu vya kiada huwaponza wanafunzi. Jibu la kwanza analoandika kila mtahiniwa ni kwamba ukuta hurudisha wimbi kwa nguvu, na wimbi hilo huchimba mchanga ulio mguuni pa ukuta. Jambo hili hutokea, hasa wakati wa dhoruba, nalo linastahili alama zake. Hata hivyo, wataalamu wenyewe wamebishana sana kuhusu ukubwa wake. Kuanzia mwaka 1986, Gary Griggs wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz na wenzake walipima kwa miaka kadhaa fuo zenye kuta na zisizo na kuta katika ghuba ya Monterey, Marekani. Mbele ya kuta mchanga uliondoka mapema zaidi majira ya baridi yalipoanza, lakini kufikia majira ya joto fuo hizo zilikuwa zimejaa tena sawa na jirani zake. Kwa hiyo anayetegemea wimbi linaloruka peke yake anasimama kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote tatu.

Hoja ya pili ni nyepesi mno hivi kwamba wengi huisahau: ukuta wenyewe unakaa mahali. Ukijengwa mita 10 mbele ya ukingo wa majani, na nyuma yake pakajazwa kifusi ili kupata uwanja wa viti na bwawa la kuogelea, mita hizo 10 za ufuo zimeondoka siku ileile, kabla ya wimbi la kwanza kuufikia. Mchanga uliozikwa chini ya kifusi nao umetolewa katika mzunguko. Wakati wa mawimbi makubwa ufuo hukopa mchanga kutoka ukingo wake wa juu na kuutandaza mbele ili kuyavunja nguvu mawimbi yanayofuata. Hali ikitulia, mkopo hurudishwa. Ukuta ni kufuli kwenye ghala hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Ufuo unaorudi nyuma haufi kwa kurudi nyuma, unahama. Mstari wa maji ukisogea bara mita 5, ukingo wa juu nao husogea mita 5, na upana wa mchanga ukabaki uleule. Anayepoteza ni mwenye ardhi iliyo nyuma. Ukuta unapojengwa, ukingo wa juu hugandishwa mahali pamoja huku mstari wa maji ukiendelea kusogea. Upana hupungua mwaka hata mwaka mpaka siku moja maji ya bamvua yaguse saruji pasiwe na ufuo tena. Hapa hapahitajiki wimbi lolote la kuruka wala kosa la mhandisi. Ukuta uliojengwa vyema kabisa, kwa nondo bora na saruji bora, huumaliza ufuo kwa njia hii kwa uhakika uleule, na pengine kwa uhakika zaidi, maana hauanguki.

Hapo ndipo ugomvi wa wakazi na wamiliki unapopata sura yake halisi. Ufuo unapoliwa bila ukuta, hasara humwangukia mwenye ploti. Ukiwekwa ukuta, hasara ni ileile, ila imehamishiwa kwa wapitao mbele yake.

Kwenye ncha za ukuta kuna habari nyingine. Ukuta ulioingia mbele kidogo huzuia mchanga unaosafiri. Wakati wa kusi mchanga hurundikana upande wa kusini wa ukuta, na jirani wa kaskazini akanyimwa. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Mawimbi nayo hujikunja kwenye ncha na kuuma ardhi ya jirani asiye na ukuta. Jirani huyo atafanya nini? Atajenga wake. Ndivyo ukuta mmoja unavyozaa wa pili, na wa pili ukazaa wa tatu, bila mtu hata mmoja katika mlolongo huo kuwa na nia mbaya.

Mchanga watoka wapi

Hakuna mahali katika swali panapouliza mchanga wa Kinondo unatoka wapi, lakini asiyejua hilo hawezi kujibu sehemu (c). Vitabu husema mito huleta mchanga baharini. Malindi ni kweli: mto Sabaki humwaga udongo wake kaskazini mwa mji, na wakati wa kaskazi udongo huo husukumwa kusini, ndiyo sababu ufuo wa Malindi umepanuka badala ya kupungua na maji yake huwa ya rangi ya kahawia. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni kweli pia, ila kwa njia ya uchungu. Vijito vilivyolisha ufuo ule vilichimbwa mchanga wa ujenzi, na kuanzia miaka ya 1970 bahari ikaanza kuingia bara kwa kasi. Wenye hoteli walijenga kuta fupi zinazoingia baharini kama vidole; zilishika mchanga mahali pengine na kuunyima mahali pengine, na hoteli moja kubwa ya enzi hizo iliishia kuachwa.

Kinondo haina Sabaki wala vijito vya namna ile. Mto ulio karibu ni Mwachema, mdogo, unaoingia baharini kati ya Tiwi na Diani penye msikiti wa kale wa Kongo. Weupe wa mchanga wa Kinondo ni ushahidi wa asili yake: ni vipande vya matumbawe, makombe na mimea ya bahari yenye chokaa, vilivyosagwa. Miongoni mwa wasagaji ni pono. Samaki huyu hukwangua mwamba kwa meno yake, akala kilicho hai na kutoa kilichobaki kikiwa mchanga. Pono mkubwa mmoja aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mtalii anayelala juu ya mchanga huo mororo kwa kawaida haelezwi habari hii.

Mwamba una kazi mbili basi: ni kiwanda cha mchanga na ni ngome. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature Communications, ambao ulijumlisha tafiti za sehemu nyingi za dunia, ulionyesha kuwa miamba ya matumbawe huvunja kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Ndiyo maana mawimbi makubwa huonekana mbali, mstari mweupe kwenye upeo, na maji ya ufuoni huwa kama ya birika. Lakini maji yakijaa sana, mwamba huzama chini zaidi na mawimbi hupita juu yake. Mmomonyoko wa Kinondo, kwa hiyo, ni kazi ya saa chache: saa za bamvua, hasa zikiangukia siku za kusi kali. Tufani ambazo vitabu vya Marekani huzitaja kila ukurasa ni nadra hapa, kwa kuwa Kinondo iko nyuzi 4 tu na kitu kusini mwa ikweta, ingawa Kimbunga Hidaya, kilichofika kisiwa cha Mafia nchini Tanzania mwezi Mei 2024, kilikumbusha kuwa nadra si sawa na kamwe.

Ngome hiyo imepata majeraha. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Bahari yenyewe inapanda: kwa mujibu wa jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, IPCC, kimo chake duniani kiliongezeka kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi hiyo ikafikia milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Na katika miaka ya 2010 uchimbaji wa mchanga baharini mkabala na pwani ya Kwale, kwa ajili ya kazi za bandari ya Mombasa na reli mpya, ulizua mvutano mkali. Kwa mtahiniwa, yote haya yanarudi sehemu (a): ni sababu nyingine zinazoweza kupunguza ufuo mahali ambapo hapana nyumba wala ukuta, na mtu mwadilifu hazifichi kwa kuwa tu anawahurumia wakazi.

Ufuo ni wa nani

Kuna hoja ya kisheria ambayo mtahini hakuiuliza, lakini ndiyo inayoleta uzito. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kanuni za upimaji nazo husema kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 30 juu ya alama ya maji kujaa uachwe kwa matumizi ya serikali. Kanuni hiyo inahusu ugawaji wa ardhi ya serikali. Hati za zamani ni hadithi nyingine.

Sasa alama ya maji kujaa iko wapi? Kwenye ufuo huru, inahama pamoja na ufuo, na ardhi ya umma inahama nayo. Penye ukuta, alama hiyo husogea mpaka saruji na kukoma. Katika karatasi umma haukunyang'anywa kitu: ardhi iliyo kati ya alama mbili bado ni yake. Ila ardhi hiyo sasa yote iko chini ya maji kila maji yajaapo. Mvuvi aliyezoea kuvuta ngalawa yake juu ya mchanga hana pa kuivutia. Mwenye kutembea kutoka Galu kwenda Kinondo lazima angoje maji yapwe. Kasa na ng'amba, ambao hupanda usiku kutafuta mchanga mkavu wa kutagia mayai, hukutana na ukuta wakarudi baharini au kutaga mahali ambapo mayai yatafunikwa na maji. Hakuna mahakama iliyokaa, hakuna hati iliyobadilishwa.

Mitego ya sehemu ya mwisho

Jibu la "wapande mikoko" litaandikwa na watahiniwa wengi, na kwa Kinondo linastahili sufuri. Mikoko huota penye matope na maji yaliyokingwa. Umbali mfupi tu kusini, katika ghuba ya Gazi, hali hiyo ipo, na ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, ambamo wakazi wa Gazi na Makongeni wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko na kutumia mapato kwa maji na shule. Mche wa mkoko ukichomekwa kwenye mchanga mweupe wa Kinondo unaopigwa na bamvua la kusi hautashika. Kilichofaa Gazi kinafaa Gazi.

Jibu la "kuta zote zibomolewe" nalo halina alama nyingi. Yapo mahali ambapo ukuta ni haki. Ngome ya Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, ilijengewa ukuta wa kinga mwishoni mwa miaka ya 2010 baada ya mawimbi kulimomonyoa jabali lililo chini yake. Ngome haihamishiki, na pale hapakuwa na ufuo mpana wa umma wa kupoteza. Nyumba ya wageni iliyojengwa juzi haina udhuru huo. Jimbo la North Carolina huko Marekani lilipiga marufuku kuta ngumu kwenye fuo zake za bahari mwaka 1985, na mwaka 2003 bunge la jimbo likaitia marufuku hiyo katika sheria. Lililowasukuma ni hesabu ileile ya ni nani anayebeba hasara.

Hatua zinazofaa Kinondo ni za kuupa ufuo nafasi. Ya kwanza ni kujenga nyuma, mbali na alama ya maji kujaa kwa umbali unaozingatia kasi ya ufuo kurudi, ili mchanga uhame bila kukutana na msingi wa nyumba. Sheria ya mazingira ya 1999, iliyoanzisha NEMA na utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, inatoa mlango wa kulisemea hilo kabla ya jiwe la kwanza; baada ya nyumba kusimama, kila upande huwa na wakili.

Ya pili ni ya gharama ndogo na hudharauliwa kwa sababu hiyo. Mlakasa, ule mtambaazi wenye maua ya zambarau unaotanda juu ya mchanga, hushika mchanga unaopeperushwa na kuukusanya ukingoni, lakini ndio wa kwanza kung'olewa bustani inapotengenezwa. Majani ya bahari yanayotupwa ufuoni na mawimbi hukusanywa na kuchomwa au kuzikwa kwa kuwa wageni hawapendi harufu yake. Majani hayo hufunika mchanga na kuupunguzia wimbi makali. Mtahiniwa akiandika "waache mlakasa na majani ya bahari mahali pake, kwa sababu huzuia mchanga kuchukuliwa", amepata alama zake mbili kwa mstari mmoja.

Kumwaga mchanga mpya ufuoni kunakubalika kama jibu iwapo mtahiniwa ataeleza mchanga huo utoke wapi, maana ukichotwa kwenye maji yaliyo kati ya mwamba na ufuo, ni sawa na kuhamisha unga kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto huku mwingine ukimwagika njiani.

Kwa shule zilizo karibu, swali hili laweza kujibiwa kwa miguu. Hutakiwa kamba yenye vipimo, kigingi kimoja au pembe ya jengo lisilohama, na ratiba ya maji. Upana wa mchanga hupimwa kutoka kigingini hadi mstari wa maji kujaa siku ya bamvua, mbele ya ukuta na mbele ya ploti jirani isiyo na ukuta, mwezi Februari na tena mwezi Agosti. Kipimo cha mwaka mmoja kitaonyesha kusi na kaskazi tu. Darasa moja likianza, na daftari likarithiwa, watakaofuata miaka kadhaa baadaye watakuwa na tarakimu za kuwaonyesha wakazi na wamiliki.